Siku ya Josho na Kifungu cha Makosa

Kifungu chenyewe kilikuwa na mistari sita tu. Nilikisoma nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uani kwenye nyumba nilikopanga chumba hapa Karatu, kompyuta magotini na kamusi yangu ya sekondari chini karibu na mguu. Rasimu nzima, ya kanuni mpya za intaneti, ilikuwa ndefu. Ilieleza namna masanduku ya intaneti, yale tunayoyaita ruta, yanavyopashana habari za njia: ukipitia kwangu unafika kule, ukipitia kwa fulani unafika huku. Kurasa nyingine nilizipita haraka. Ile mistari sita niliirudia mpaka nikaikariri kwa Kiingereza chake, kama tulivyokariri mashairi kidato cha pili, ila safari hii nilielewa nilichokariri.

Kwa maneno yangu, ilisema hivi: ruta ikipokea tangazo kutoka kwa jirani yake, na ndani ya tangazo hilo ikakuta kosa lolote, ivunje mazungumzo na jirani huyo papo hapo na isahau kila njia aliyoifundisha.

Kosa lolote. Kila njia.

Miezi minne kabla ya hapo, agizo hilo lilimnyima mama mmoja mjamzito gari la wagonjwa. Ilikuwa zahanati ya kijiji kimoja nyuma ya Kakesio, mahali ambapo ili simu ya kawaida ishike lazima upande mlima saa mbili nzima kwa miguu. Nesi alikuwa na simu ya mtandao wetu, ule wa minara midogo niliyoifunga mwenyewe, na mchana ule alipoinyanyua haikuwa na sauti. Walimbeba mama kwa machela. Mama alipona. Mtoto hakupona. Nesi hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililonimaliza.

Mimi si mhandisi. Niliishia kidato cha nne kule Mbulu, halafu miguu ikanichukua. Nimekuwa utingo wa lori la mahindi, msaidizi wa mpishi kwenye kambi za watalii, mtu wa redio ya upepo Loliondo, na Samunge nilikaa mwaka na nusu nikifunga sola kwenye nyumba za watu. Kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilikotoka. Hata sasa naikumbuka ile redio ya upepo kuliko vitu vingi vya maana. Neno likimezwa na mikwaruzo ulisema, "Rudia la mwisho," mwenzako akarudia, mkaendelea. Sijamwona mtu akizima redio na kumsahau mwenzake kwa sababu ya neno moja lililoungua njiani.

Masanduku ya minara yetu yalikuwa na programu ya majaribio, iliyoandikwa kuifuata rasimu hiyo. Mhandisi mgeni aliyetuletea aliniambia kwamba rasimu inajadiliwa kwa barua pepe na watu wa nchi nyingi, na kwamba mtu yeyote anaweza kuandika maoni. Nilidhani ananifurahisha tu. Baada ya yule mtoto nilikumbuka maneno yake, nikatafuta anwani.

Jumatatu niliandika. Jumanne mhariri wa rasimu akanijibu, kwa adabu. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: jirani aliyekosea katika jambo moja, utamwaminije katika mengine? La pili: je, nina kumbukumbu za ruta zinazoonyesha tukio lenyewe? Chini akaongeza kwamba maoni yanafungwa Ijumaa. Baada ya hapo maandishi yatapita kama yalivyo, na watengenezaji wataanza kuyaweka kwenye masanduku ya kila mahali.

Jirani yangu wa chumba cha pili, mama wa Singida anayechuma kahawa mashambani, alinikuta nimeshika kichwa.

"Fundi, hiyo ni barua ya mwanamke au ya mahakama? Tangu juzi uso umekunjamana kama shati la mlevi."

"Ni sheria, mama."

"Ya nchi gani?"

"Ya intaneti."

Akatua beseni lake. "Kumbe naishi na mbunge na sijui! Sasa mheshimiwa, sheria ikiwa mbaya si unasema?"

"Nimesema. Wanataka ushahidi."

"Basi kaulete. Ushahidi hauji wenyewe ukakukuta umekalia ndoo."

Ushahidi, kama ulikuwapo, ulikuwa mlimani. Mpangilio wetu ulikuwa hivi: sanduku moja kwenye josho la mifugo, la pili kwenye zahanati, la tatu juu ya kilima kinachotazama vyote viwili. La joshoni lilizungumza na la zahanati, la zahanati likazungumza na la mlimani, na la mlimani likatuma kila kitu Karatu. Wiki iliyotangulia simu ya nesi ilikuwa imekatika tena kwa saa kadhaa. Kwa hiyo sanduku la mlimani lilipaswa kuwa bado limehifadhi kumbukumbu za siku ile. Kutoka Karatu niliona liko hai, lakini kumbukumbu zake zilisomwa kwa waya tu, ndivyo nilivyolifunga mwenyewe kwa kuogopa wezi wa mitandao.

Jumatano asubuhi nilipata lifti kwenye lori la unga. Tulipita geti la hifadhi, tukapanda msituni kwenye ukungu hadi ukingo wa kreta, tukashuka upande wa pili kwenye jua. Dereva alitaka kuongea habari za mpira. Nilikuwa namjibu "ndiyo" na "kweli" huku nikihesabu siku kwa vidole: leo, kesho, keshokutwa basi. Mbele lori liliniacha nikachukua bodaboda.

Mlinzi wa kilima ni Mmasai wa rika langu. Nilimkuta kivulini mwa paneli za sola pamoja na shemeji yake, ambaye alikuwa anashona katambuga lake, kiatu cha tairi kilichokatika.

"Sopa," nilimsalimu kwa Kimasai.

"Ipa. Karibu, fundi. Kaa upokee habari."

Nilijua maana yake. Kwa Wamasai habari hazichomolewi katikati. Anayezitoa anaanza mwanzo, kipande kwa kipande, na anayepokea anaitikia kila kipande kabla ya kuletewa kinachofuata. Ukimkatiza umemtukana. Nilitaka kulifungua lile sanduku kuliko nilivyotaka maji, lakini nilikaa.

"Mvua ilinyesha mara mbili upande wa juu."

"Ee."

"Majani yameanza kuota, lakini si ya kushiba."

"Ee."

"Mto wa huku chini umejaa, haupitiki."

Shemeji hakuinua hata macho. "Hiyo si kweli. Nimeuvuka asubuhi hii, maji ya kifundo."

"Basi hiyo iache," mlinzi akaniambia, kama mtu anayetoa jiwe kwenye mchele. "Ndama wa baba yangu mkubwa wawili wamekufa kwa kuhara."

"Ee. Pole."

"Sanduku lako liligoma siku ya josho. Nikalizima, nikaimba wimbo mmoja, nikaliwasha. Likapona."

Sikuitikia. Shemeji akasimamisha sindano akanitazama.

"Ulilizima?" niliuliza.

"Si ndivyo ulivyonifundisha? Likigoma, zima, imba wimbo mmoja, washa."

"Ndivyo nilivyokufundisha."

"Sasa mbona unaniangalia kama nimechinja dume lako?"

Kumbukumbu za sanduku lile hukaa kwenye akili yake ya muda. Likizimwa, zimefutika. Mimi ndiye niliyemfundisha kulizima, na nilijivunia kwamba nimepata dawa rahisi, ya mtu asiyehitaji kusoma. Kwa miezi yote ile, kila lilipogoma mlinzi alifuta ushahidi kwa mkono wake mwema, huku akiimba. Nilichomeka waya hivyohivyo. Ukurasa ulikuwa mtupu hadi mahali alipowasha. Wahandisi wa dunia watasema mtu wa Karatu aliota, na kifungu kitapita.

Nilikaa pale muda mrefu. Mlinzi alinipa chai ya maziwa, nikainywa bila kuisikia ladha. Baadaye sana, nikimrudishia kikombe, nikamuuliza, "Ulisema siku ya josho?"

"Kila likigoma ni siku ya josho."

"Kila mara?"

"Kila mara. Hukuwahi kuniuliza. Na josho ni kesho."

Nilishuka joshoni mbio. Sanduku la pale lililetwa na mradi wa kuandikisha mifugo. Mradi ulikwisha, sanduku likabaki, na hakuna aliyelitumia tena kwa kazi yake. Nilifungua kasha la betri nikakuta nyaya za kuchajia simu zimesokotana kama kiota. Msimamizi wa josho hakuona ajabu. Siku ya kuogesha mifugo watu hutoka mbali, akasema, na mtu akifika kwako simu imekufa utamnyima moto vipi? Moto haunyimwi.

Hapo ndipo nilipoona mstari mzima. Siku ya josho simu zinanyonya betri. Sanduku linaishiwa nguvu, na badala ya kuzimika linaanza kuweweseka, linatoa tangazo la njia yake likiwa na sehemu moja iliyoharibika. Sanduku la zahanati halina haja na sehemu hiyo, kwa hiyo linalipitisha tangazo kama lilivyopokelewa. La mlimani linalikagua, linakuta kosa, na kwa kufuata ile mistari sita linamfungia mlango aliyelileta, yaani zahanati. Zahanati inabisha upya, inafunguliwa, inarudia matangazo yake yote pamoja na lile bovu, inafungiwa tena. Hivyo hivyo hadi jioni watu waondoke na simu zao, au mlinzi aimbe wimbo wake: la mlimani likizimika kwa muda huo, la zahanati linatupa matangazo yote ya zamani, lile bovu likiwamo, na kuanza upya. Njia ya simu ya nesi haikuwa na kosa lolote hata siku moja. Ilisahauliwa kwa ajili ya josho lisiloandikisha hata mbuzi.

Kutoka joshoni nilikwenda zahanati. Nesi ni Mwiraqw, mtu wa Mbulu kama mimi. Alinisalimia kwa lugha ya nyumbani, lakini nilipoanza kueleza akahamia Kiswahili, kama anavyofanya akitaka kila neno lisimame wima.

"Kwa hiyo kaling'oe hilo la joshoni. Leo."

"Nikiling'oa, kesho sitakuwa na cha kuwaonyesha. Kifungu kitapita Ijumaa. Kuna josho jingine, sista, na kilima kingine, na zahanati nyingine ambayo fundi wake hatajua hata aanzie wapi."

"Unataka nini basi?"

"Kesho liache, simu ikatike. Nirekodi inavyokatika. Nusu saa, kisha nawasha."

Alinitazama. Nyuma yake, chumba cha pili, binti wa uzazi wa kwanza alikuwa anaguna polepole.

"Huyo amefika leo asubuhi," alisema. "Kesho saa hizo ndipo atakapokuwa pabaya, au atakuwa ameshajifungua, sijui. Na wewe unaniomba nikate simu yangu kwa mkono wangu, kwa ajili ya watu nisiowajua."

"Naomba."

"Yule mtoto wa mwezi ule unamkumbuka?"

"Kila siku."

Akaenda kumtazama binti, akarudi. "Nusu saa. Pikipiki isimame hapa mlangoni imejaa mafuta, na dereva wake asiende popote, hata kujisaidia aniage. Na mimi nikitundika shuka jeupe kwenye ua, unazima na kuwasha hapohapo, umepata au hujapata. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa juu, waya kwenye sanduku, kompyuta inarekodi kila kinachopita. Chini vumbi la ng'ombe lilikuwa limesimama juu ya josho, na nilijua kwamba kasha la betri limeshajaa nyaya. Mlinzi alikaa kando yangu bila habari yoyote ya kutoa.

Dakika ya saba zahanati ikakatwa. Niliona maneno yenyewe kwenye kioo: kosa katika tangazo, njia ya josho, kikao kimevunjwa, njia zote zimefutwa. Dakika mbili baadaye ikafunguliwa, ikarudia, ikakatwa. Mara ya pili. Nilitaka mara tatu. Nilikuwa nimeshamsikia mhariri kichwani akisema mara mbili ni bahati mbaya.

"Fundi," mlinzi akasema. "Shuka."

Lilikuwa jeupe kweli, dogo kama jino, kwenye ua wa zahanati.

Hapa ningependa kuandika kwamba nilizima. Sikuzima. Nilisema, "Nimeliona," na nikaendelea kutazama kioo. Mlinzi akasimama. "Shuka liko juu," akarudia, sasa kwa ukali, na mkono wake ukaelekea kwenye swichi. Nikaushika. Nilikuwa sijawahi kumshika mkono mtu yule kwa nguvu. Zahanati ikafunguliwa, ikarudia, ikakatwa mara ya tatu, na hapo ndipo nilipozima kwa kidole changu mwenyewe. Sikuimba. Nilihesabu, nikawasha.

Simu ilirudi. Gari liliitwa, likaja kutoka upande mwingine, na binti akajifungua kabla halijafika, mtoto wa kike, akalia vizuri. Nesi alikuwa ameingiwa na hofu ya damu nyingi, na damu ikasimama yenyewe. Haya niliyajua baadaye niliposhuka.

Nesi alikuwa ananawa. "Shuka lilikaa juu dakika tatu," alisema, mgongo ukiwa kwangu.

"Najua."

"Nimehesabu."

"Najua, sista. Nisamehe."

Aliendelea kunawa mikono iliyokwisha kuwa safi.

Nilituma kumbukumbu mchana uleule nikiwa nimekaa kwenye benchi la zahanati, kwa mtandao uleule. Kwa swali la kwanza la mhariri niliandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Nilimwandikia kwamba huku mtu akileta habari kumi, moja ikawa ya uongo, tunaiacha hiyo moja na kupokea nyingine tisa. Tunamfukuza pale tu anapokuwa mlevi kiasi kwamba hatujui habari moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Nikapendekeza hivyohivyo kwa ruta. Tangazo likiharibika mpaka mipaka yake haijulikani, vunja kikao. Likiharibika katika sehemu inayohusu njia moja, ichukulie njia hiyo kama imeondolewa, andika kosa mahali pasipofutika, na mengine yaache yaishi.

Ijumaa ilipita bila jibu. Jumamosi vilevile. Nilirudi Karatu, na yule mama wa Singida akaniuliza, "Mheshimiwa, bunge limesemaje?" Nikamwambia bunge limenyamaza. Siku hizo sikula vizuri. Nilijiona nimeuza dakika tatu za mtu mwingine na sijapata kitu.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata. Wengine walipinga. Mmoja aliandika kwamba mtandao wenye betri kama ile usingepaswa kuwapo kabisa. Lakini wawili kutoka nchi nyingine walisema nao wamekutwa na jambo kama hilo, tangazo bovu likapitishwa na asiyehusika na asiyehusika akafungiwa mlango. Mhariri alikiandika kifungu upya. Kilikuwa kirefu zaidi na kibaya kusoma, lakini kiligawa makosa kwa aina zake.

Mwezi uliofuata nilipanda na programu mpya iliyofuata kifungu hicho, sanduku kwa sanduku. Siku ya josho nilikaa mlimani tangu asubuhi. Njia ya josho ikaondolewa peke yake. Ya zahanati ikabaki. Nilipiga simu ya nesi kutoka pale juu, ikaita, akapokea, akasema, "Nakusikia," akakata.

Nilishuka kumweleza. Alikuwa anapima watoto wa kliniki, akanisikiliza huku akiandika uzito.

"Kwa hiyo haitakatika tena?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mlinzi alikuwa ameshawaambia watu ndiyo. "Itakatika," nilisema. "Kwa mvua kubwa. Kwa panya kula waya. Kwa betri kuzeeka. Lakini kwa hili, hapana."

Alimshusha mtoto kutoka kwenye mizani, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akachomoa fomu iliyokwisha muda, akaigeuza upande mweupe, akanisukumia pamoja na kalamu.

"Niandikie hayo mengine. Yote. Na kila moja, dalili yake ni nini, na nifanye nini kabla hujaja."

Nilikaa kwenye benchi kati ya akina mama na watoto wao nikaanza kuandika. Mvua. Panya. Betri. Radi. Kutu kwenye vifungo. Ngedere anayekalia antena. Upande ule ukajaa, na nilikuwa bado sijamaliza yale ya mlimani.